Kwa Baisikeli Hadi Kafubu



Wako watu wanaodhani kwamba safari haina maana isipokuwa ndefu, na kwamba asiyevuka bahari hana la kusimulia. Mimi leo nataka kuwasimulia safari ya siku moja tu, kutoka mji wetu wa Lubumbashi hadi misioni ya Kafubu, na kurudi. Sikupanda ndege wala gari moshi. Nilipanda baisikeli, chombo ambacho watu wa hapa Katanga hukiita kinga. Hata hivyo, katika siku hiyo moja nilijifunza mambo ambayo sikuyapata katika vitabu vyangu vyote.

Siku hizi baisikeli imepata heshima mpya ulimwenguni. Huko Marekani, katika mji mdogo wa Emporia, jimbo la Kansas, watu walianza mwaka 2006 kushindana kwa baisikeli katika barabara za changarawe, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa siku moja. Katika Kenya mashindano ya namna hiyo yalianza mwaka 2021, katika nchi ya Wamaasai penye wanyama wengi. Na mwezi wa Septemba 2025 mji wa Kigali ulipokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya baisikeli za barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara letu la Afrika. Mafundi wameunda hata baisikeli za pekee kwa ajili ya njia mbaya, zenye matairi mapana na usukani uliopindwa, na bei yake yaweza kushinda ya pikipiki.

Niliposoma habari hizo nilicheka kidogo. Watu wetu wamepita katika changarawe, matope na mchanga kwa baisikeli nzito za chuma tangu siku za babu zetu, wakichukua unga, samaki, kuku na wagonjwa, wala hapana aliyesimama kando ya njia kuwapigia makofi.

SABABU YA SAFARI

Sasa nieleze kwa nini nilikwenda. Wanafunzi wangu kadhaa walinijia na ombi. Walitaka kuhiji Kafubu kwa baisikeli siku ya 24 Mei, sikukuu ya Bikira Maria Msaada wa Wakristo, ambayo wana wa Don Bosco huiadhimisha kwa shangwe kubwa. Ombi lilinipendeza. Lakini mzazi mmoja, mama mwenye busara, aliniuliza: "Mwalimu, njia unaijua?"

Nikamjibu, "Naijua, Mama."

Kwa kweli niliijua barabara wanayopita magari. Njia za baisikeli, zile zinazopita mashambani na msituni, mbali na vumbi na hatari ya magari, sikuzijua hata moja. Jibu langu lilinichoma moyoni siku kadhaa. Mtoto wa mtu si mzigo wa kupeleka usikokujua. Basi, Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, siku chache baada ya Pasaka, nilitia upepo katika magurudumu, nikafunga chupa ya maji na kipande cha muhogo, nikaondoka alfajiri peke yangu ili niitafute njia.

KUTOKA MJINI

Nakaa Katuba. Saa kumi na mbili asubuhi barabara zetu zimekwisha kujaa. Akina mama wakaanga maandazi, vijana wasukuma mikokoteni, na juu ya mapaa yote yaonekana dohani ndefu ya kiwanda cha shaba, na kando yake kilima cheusi cha mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa. Mgeni akiuliza mji huu umetoka wapi, mwonyesheni vitu hivyo viwili. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910, reli kutoka kusini ilipofika hapa, wakauita Elisabethville kwa heshima ya malkia wao. Mwaka uliofuata, 1911, tanuru la kuyeyushia shaba likaanza kazi. Jina la Lubumbashi, ambalo ni jina la mto, mji ulipewa mwaka 1966.

Mji uko juu, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi za Aprili huwa na baridi tamu. Ni majira mazuri kwa mwendesha baisikeli. Mvua zinaisha, vumbi halijaanza. Mtu akipenda kuona mji umejipamba, na aje mwezi wa Septemba au Oktoba, wakati mijakaranda ichanuapo, na barabara za mjini kuwa za rangi ya zambarau juu na chini. Lakini wakati huo jua ni kali, na barabara za udongo zimekuwa unga mwekundu unaoingia hata katika mnyororo.

Nilipoziacha nyumba za mwisho niliingia katika bustani. Watu wasioujua mji wetu hudhani kwamba ni machimbo na moshi tu. Haidhuru waje waone mabonde ya vijito vyetu. Akina mama wamelima matuta marefu ya lengalenga, kabichi na vitunguu, wayanywesha maji kwa ndoo asubuhi na jioni. Njia ya baisikeli hapo ni nyembamba kama mshipi, yapita kati ya matuta. Ilinibidi kushuka na kusukuma, kwa maana gurudumu moja likipotea, mboga za mtu zimekwisha. Mama mmoja aliponiona nashuka, aliniambia, "Asante, Baba. Wengine hawashuki." Neno hilo nililiandika moyoni kwa ajili ya wanafunzi wangu.

MSITU WA MWANGA

Baada ya bustani na mashamba ya mahindi, miti ikaanza. Msitu wetu si kama ule wa Ituri, wenye giza mchana. Miti yake husimama mbali kidogo, majani yake hupokea jua na kuliacha lishuke mpaka kwenye nyasi. Ndio msitu wa miombo, ambao kutoka kwetu huenea mpaka Zambia, Angola, Malawi, Zimbabwe, Msumbiji na Tanzania. Mwezi wa Septemba, kabla ya tone la kwanza la mvua, miti hiyo huvaa majani mapya mekundu kama shaba, hata mgeni hudhani kwamba msitu unaungua. Mwezi wa Aprili, nilipopita mimi, yote ilikuwa ya kijani, na nyasi zilinifika mabegani.

Katika msitu huo wazee wetu walikuwa na ghala, soko na hospitali. Kuna mulombwa, ambao ukikatwa hutoka utomvu mwekundu kama damu. Kuna masuku, matunda matamu ya mwanzo wa mvua. Kuna uyoga wa namna nyingi, na mmoja wao, uotao katika vichuguu, huwa mpana kuliko sinia. Kuna viwavi wa kuliwa, na asali. Profesa François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya msitu huu. Mama zetu walikuwa wakikijua kitabu hicho kabla hakijaandikwa.

Nilistaajabia zaidi vichuguu. Katika nchi yetu vichuguu si vilima vidogo vya kukanyagwa na mbuzi. Vingine vina urefu wa mita nane, na juu yake miti imeota kama kisiwa. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, wataalamu walipima umri wa kichuguu kimoja cha nchi hii kilichoachwa na mchwa, wakaona kwamba udongo wa chini kabisa ulipita miaka 2,000. Fikirini, wasomaji: wakati Bwana wetu alipotembea Galilaya, mchwa hawa wadogo walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao Katanga. Leo sisi tunakibomoa kichuguu kwa siku chache ili kufyatua matofali.

Lakini kadiri nilivyoendelea, niliona jambo lingine. Niliona visiki. Mara kumi, mara mia. Palipokuwa na msitu katika kumbukumbu za utoto wangu palikuwa na visiki, majani marefu, na miduara meusi ya udongo ulioungua, mahali palipochomwa makala. Ndege walikuwa wachache. Nilikasirika, nikasema moyoni mwangu, "Watu hawa wachoma makala hawamwogopi Mungu." Kumbukeni neno hilo, maana nitalirudia.

MISIONI NA MTO

Nilifika Kafubu jua likiwa limepanda vizuri. Wamisionari wa Don Bosco walifika Elisabethville mwaka 1911, na katika miaka iliyofuata wakaja kujenga kando ya mto huu. Misioni ni ya jimbo la Sakania-Kipushi. Niliingia kanisani, nikapiga magoti mahali penye ubaridi, nikamshukuru Mama Maria kwa kunifikisha. Nje niliketi chini ya mti, nikala muhogo wangu, nikawasikiliza watoto wakicheza mpira. Don Bosco mwenyewe, aliyefariki mwaka 1888, angalifurahi kusikia kelele zile.

Kisha niliteremka kuutazama mto. Kafubu si mto mkubwa, lakini una safari ndefu kuliko sisi sote. Huupokea mto Lubumbashi, ule uliotupa jina, kisha hushuka mpaka Luapula. Luapula huingia katika ziwa Mweru. Kutoka ziwani maji hutoka kwa jina la Luvua, hukutana na Lualaba huko Ankoro, na mwishowe huwa mto Kongo, unaoingia katika bahari ya Atlantiki. Basi maji anayooshea vyombo mama wa Katuba yana njia ya kufika baharini.

Na yale tuyatupayo yana njia hiyo hiyo. Wataalamu wamepima maji, udongo na samaki wa mito hii ya Lubumbashi na Kafubu, wakakuta madini mazito yatokayo katika kazi ya shaba na kobalti. Kwa hiyo nawaonya wasafiri: chukueni maji yenu kutoka nyumbani, wala msinywe mtoni, hata maji yakionekana safi kama kioo.

DEMBO

Sasa nakuja kwenye aibu yangu.

Wakati wa kurudi nilitaka kujaribu njia nyingine, ili nijue ipi ni bora kwa wanafunzi. Nilifika mahali ambapo njia iligawanyika. Mbele yangu palikuwa na dembo, yaani bonde pana lisilo na miti, lenye nyasi tupu, ambalo wakati wa mvua hunywa maji kama sifongo na kuyatunza. Ng'ambo yake niliiona njia ikipanda tena msituni, si mbali, labda mwendo wa dakika kumi. Yangeyange weupe walisimama katika nyasi. Mahali pazuri mno!

Mzee mmoja alikuwa akikata matete pembeni. Nilimsalimu, akaniitikia, akatazama baisikeli yangu.

"Unakwenda wapi, mwana wangu?"

"Mjini, Baba. Nitakata hapa katikati."

Akatikisa kichwa. "Usikate. Zunguka kwenye vichuguu vile, hata kama ni mbali. Dembo mwezi huu halijalala. Likilala, mwezi wa Juni, utapita hata na ng'ombe."

Nilimshukuru kwa adabu, kisha nikafanya nilivyotaka. Niliona nyasi zimesimama kavu, nikasema, mzee huyu anafikiri mwendo wa miguu, hajui nguvu ya baisikeli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimewaandikia wanafunzi wangu methali hiyo ubaoni labda mara ishirini.

Mita hamsini za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha ardhi ikaanza kucheza chini ya gurudumu kama godoro. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi, na hilo ndilo lilikuwa kosa la pili. Gurudumu la mbele lilizama mpaka ekseli, nami nikaruka juu ya usukani nikaanguka katika maji meusi, kofia yangu upande mmoja na chupa upande mwingine. Nilipojaribu kuivuta baisikeli, miguu yangu ilizama mpaka magotini. Kila mguu mmoja ukitoka, wa pili ukaingia zaidi. Sikuogopa kufa, maana dembo hilo halikuwa na kina kikubwa. Lakini niliwaza watoto kumi na wanne wakiwa nyuma yangu, wengine wenye miaka kumi na miwili tu, wakimfuata mwalimu wao kwa imani. Hapo jasho la baridi lilinitoka.

Nilitumia karibu saa nzima kutoka. Nilipofika penye udongo mgumu na kupanda tena, nikakanyaga mara tatu, na mnyororo uliojaa matope ukakatika. Sikuwa na chombo cha kutengenezea hata kimoja. Mjini palikuwa mbali, na jua lilikuwa limeanza kushuka.

MBEBA MAKALA

Nilisukuma baisikeli mpaka kwenye vichuguu vile vile nilivyoonyeshwa na mzee. Hapo njia ilikuwa kavu, ngumu, pana kama barabara. Nikaketi, nikijilaumu.

Kwanza nilisikia mlio wa chuma. Halafu magunia yakatokea, matatu, yamefungwa kwa kamba juu ya baisikeli hata usingeiona baisikeli yenyewe. Mtu mmoja aliishika kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani, akisukuma kwa bega. Nyuma yake mvulana mdogo alisukuma kwa mikono miwili, kichwa chini. Hawakuwa wamepanda. Baisikeli ya mbeba makala haipandwi inapokwenda mjini. Hupandwa inaporudi tupu.

Yule baba aliniona, akauegemeza mzigo kwenye kichuguu kwa ustadi mkubwa, akaja.

"Pole, ndugu. Mnyororo?"

"Umekatika, Baba."

Hakuuliza zaidi. Alitoa msumari mfukoni, akauweka mnyororo juu ya shoka lake, akapiga kwa jiwe mpaka kipingili kilichovunjika kikatoka. Kisha akaunga vipingili viwili vilivyobaki, akausogeza gurudumu la nyuma mbele kidogo ili mnyororo uliofupishwa utoshe. Kazi yote haikuzidi nusu saa. Nilitaka kumpa fedha, akakataa. "Njiani hatulipani," akasema. "Leo wewe, kesho mimi."

Tulikwenda pamoja, mimi nikisukuma yangu kwa kuwa nilifedheheka kupanda nikamwacha nyuma. Nilimwuliza juu ya visiki. Kwa kweli nilitaka kumhubiri. Alinijibu bila hasira.

"Mwalimu, nyumbani kwako mnapikia nini?"

Nikanyamaza. Nyumbani kwangu tuna waya wa umeme, lakini umeme wenyewe huja na kuondoka kama mgeni. Chungu cha bukari yetu hukaa juu ya makala, kila siku, mwaka mzima. Familia nyingi za Lubumbashi ni hivyo hivyo. Mchoma makala hukata mti kwa mkono wake, nami naukata kwa kikapu cha mke wangu.

Kisha akanieleza kazi yake, na hapo mwalimu akawa mwanafunzi. Alisema kwamba muombo haufi kwa shoka. Kisiki kikiachwa hutoa machipukizi, na machipukizi hukua haraka kuliko mche, kwa sababu mizizi ya zamani ipo. Unaoua msitu ni moto wa mwisho wa kiangazi, mwezi wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Huunguza machipukizi yote. Moto wa mapema, wa mwezi wa Mei au Juni, hupita chini chini bila kudhuru sana. Na mtu aking'oa visiki ili alime, basi hapo msitu umekwisha. Baadaye nilisoma katika maandiko ya wataalamu, nikaona kwamba waliojaribu mioto hiyo miaka mingi katika nchi za miombo walipata jambo lilo hilo. "Sisi twajua," akasema. "Lakini shamba si letu. Leo nakiacha kisiki, kesho mwenye kununua kiwanja anakuja na trekta."

Nikamtazama mvulana. Alikuwa wa umri wa wanafunzi wangu. Nikamwuliza yuko darasa la ngapi. Akatazama chini. Baba yake ndiye aliyejibu: "Alikuwa darasa la tano. Siku za Jumamosi tunasukuma, Jumapili tunarudi, Jumatatu amechoka, anakosa. Mwalimu wake akachoka naye. Akasema asirudi tena mpaka awe mtoto mwenye nidhamu."

Haikusemwa kwa lawama. Ilisemwa kama mtu asemavyo kwamba mvua imenyesha. Nami sikuweza kutoa neno, kwa sababu katika daftari langu la mahudhurio mlikuwa na jina la mvulana mmoja lenye alama nyekundu kila Jumatatu. Nilikuwa nimeamua kumpeleka jina lake mkuu wa shule baada ya likizo ya Pasaka. Sikuwa nimemwuliza hata mara moja Jumapili hukaa wapi.

Tuliagana penye nyumba za kwanza, giza likiingia. Nilimshika mkono yule baba; mkono wangu ukabaki mweusi. Mvulana alinisaidia kufunga chupa yangu, akasema, "Safari njema, Mwalimu." Jina hilo lilinielemea.

JUMATATU

Jumatatu shule ilipofunguliwa, yule mwanafunzi wa alama nyekundu hakuwapo. Jumanne alikuja. Nilimwita pembeni, nikamwuliza, si kama hakimu, bali kama baba. Yeye hakuwa mbeba makala. Mama yake hulima bustani mtoni, na kila Jumatatu kabla ya mapambazuko wao huvuna na kupeleka sokoni. Mtoto hubeba, kisha hukaa na wadogo zake. Tulikwenda kuonana na mama. Tulikubaliana kwamba Jumatatu aje saa nne, nami nimfundishe mwenyewe jioni masomo aliyokosa. Mkuu wa shule alikubali. Si jambo kubwa. Lakini jina lake limo bado katika daftari.

Na yule mvulana wa njiani? Niliwauliza wabeba makala wengi kwa muda wa wiki tatu. Sikumpata. Nalisema hili wazi ili msidhani kwamba kila kosa hupata nafasi ya kutengenezwa.

SIKUKUU

Siku ya 24 Mei tuliondoka baisikeli kumi na nne, baada ya Misa ya asubuhi. Nilikuwa nimewaambia wazazi ukweli wote, pamoja na habari ya kuanguka kwangu, na yule mama mwenye busara alicheka mpaka machozi, kisha akamruhusu mwanawe. Mkubwa alikaa mbele, nami nilikaa nyuma ya wote ili nimwone kila mmoja. Tulishuka katika bustani zote. Tulipofika penye dembo, tulizunguka kwenye vichuguu. Yule mzee hakuwapo, lakini nilivisimamisha vijana, nikawaonyesha mahali nilipozama, na kuwaambia nani alinionya.

Huko Kafubu, tulipokwisha kusali, mmoja aliuliza kwa nini mwalimu haonyeshi tena hasira juu ya visiki kama alivyozoea darasani. Nikawaambia kwamba Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si', aliyoitia sahihi siku kama hiyo, 24 Mei, mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikiwa pamoja. Mimi nilikuwa nimesikia kimoja tu.

Kwa wale watakaopenda kuifuata njia hiyo, nasema haya machache. Nendeni kati ya mwezi wa Mei na Agosti, mabonde yakiwa makavu. Ondokeni mapema, mrudi kabla ya giza. Chukueni pampu, kiraka cha mpira wa ndani, msumari imara na kipande cha mnyororo. Msiingie katika maeneo ya machimbo. Msiwashe moto. Mkifika penye njia panda, mwulizeni mtu wa mahali, na akiwajibu, mfuateni.

Na mkikutana na baisikeli yenye magunia matatu, na mtoto nyuma yake, shukeni. Mpisheni apite kwanza, na penye mlima, wekeni baisikeli zenu chini mkamsukumie mpaka juu. Wanafunzi wangu walifanya hivyo mara mbili siku ile, bila kuambiwa.